Bwana Mifugo na Uvimbe wa Paka Wangu

Mtu ambaye kazi yake ni kupima nyama, halafu yeye mwenyewe hali nyama, mimi simwamini. Sikumwamini siku ya kwanza, sikumwamini mwaka wa kumi, na sababu nilikuwa nazo. Fundi viatu anayetembea peku kuna jambo analijua juu ya viatu vyake ambalo hajakwambia.

Tulimwita Bwana Mifugo. Jina alikuwa nalo, lakini hapa Igoma mtu akiletwa na serikali cheo chake ndicho kilichokuwa jina lake: Bwana Shamba, Bwana Afya, Bwana Mifugo. Alikuja kutoka upande wa Mara akiwa tayari mtu mzima, na baiskeli nyeusi na sanduku la bati. Mama yake nani, ukoo wake upi, hakusema na mimi sikumwuliza. Nilikuwa namwangalia tu. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuangalia watu sikufundishwa na mwalimu.

Vidole vyake vilikuwa vya zambarau. Wino wa muhuri wa nyama ulikuwa umeingia chini ya kucha ukakaa humo. Hata Jumapili kanisani, akikunja mikono kusali, unaona zambarau. Alinuka dawa ya josho. Mfukoni mwa shati, mahali ambapo watumishi wengine huweka kalamu, yeye aliweka kisu kidogo ndani ya ala ya ngozi. Mtu anasali na kisu kifuani. Niambie wewe.

Na salamu zake zilikuwa za ajabu. Akiingia kwako anaanza na zizi. "Habari za asubuhi, bibi," anamwambia ng'ombe, anampapasa chini ya shingo. Halafu mbuzi. Halafu mbwa. Wewe mwenye nyumba umesimama pale na kiti mkononi unasubiri zamu yako. Marehemu mume wangu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Huyu ipo siku atampa kuku shikamoo," alisema. Mimi sikucheka. Nilijiuliza, huyu anawasalimu au anawahesabu?

Kazi yake ya alfajiri ilikuwa machinjioni. Niliwahi kwenda mara nyingi kununua utumbo wa supu, kwa hiyo nilimwona kwa macho yangu. Ng'ombe akishapasuliwa, anapewa ini. Wapimaji wengine hulitazama juu, wanalibonyeza, wamemaliza. Yeye alikuwa analilaza juu ya jiwe, anakata. Anafungua, anatazama, anakata tena pembeni. Anakata tena. Ini la watu likabaki kama sangara aliyechanjwa kwa ajili ya kukaangwa. Watu wa bucha wakawa wanapiga kelele: "Bwana Mifugo, utatuachia nini cha kuuza?" Naye bila kuinua kichwa: "Mkato mmoja hudanganya."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mkato mmoja hudanganya. Alisema kwa ini, akasema kwa pafu, siku moja akasema kwa mkate wa mke wa mchungaji ulioungua juu tu.

Chuki baina yake na mwenye bucha ya pale njia panda ilianza kwa fahali mmoja mnene. Nje unamtamani. Mapafu yalipofunguliwa yalikuwa na punje nyeupe nyeupe kama mtama. Bwana Mifugo akasema fahali mzima aende shimoni. Mwenye bucha akapiga magoti, mtu mzima mwenye tumbo, akamwambia chukua kichwa, chukua mguu, chukua unachotaka. Bwana Mifugo akamwagia nyama ile oili chafu ya gari, akasimama juu ya shimo mpaka udongo wa mwisho.

"Wewe huli nyama, ndiyo maana huna uchungu nayo!" mwenye bucha alimpigia kelele.

Watu walimsifu kwamba hali rushwa. Mimi nikasema moyoni, anayekataa mguu wa ng'ombe anangoja ng'ombe mzima.

Lakini mtu yule yule, na hapa ndipo aliponichanganya, miezi michache baadaye aliletewa ng'ombe wa mjane mmoja wa Buhongwa. Ng'ombe ana uvimbe shingoni mkubwa kama kibuyu cha mtindi. Kila mtu akasema hapo hapo: tupa. Yeye akakata uvimbe, akakata, akatazama, akanusa, akakata tena. Kisha akautoa peke yake, akagonga muhuri nyama iliyobaki, miguu yote minne.

"Uvimbe si hukumu," akasema. "Kuna uvimbe mwizi na kuna uvimbe mgeni. Huu ni mgeni. Ulikaa mahali pake, haukuingia vyumba vingine."

Nani anunue? Alisimama pale buchani siku nzima akiwaambia watu nyama ni safi. Mama mmoja akamwambia: "Basi kula wewe kwanza, tukuone." Vicheko. Akatazama chini. Hakula. Nyama ikaoza na mjane akalia, na mimi nikaiweka siku ile akilini mwangu pamoja na nyingine nilizokuwa naziweka.

Halafu ikaja ile miaka ya kila kitu ruksa. Zamani mazao ulipeleka kwa chama cha ushirika, ukapewa stakabadhi, ukangoja. Sasa mwenye mzani wake ndiye mnunuzi. Nami nikanunua mzani. Nikafungua stoo ya choroko na dengu, na sijivuni bure, wanangu mapacha walisoma kwa stoo ile, na wajukuu wanakula kwa stoo ile hadi leo. Lakini iliyoniinua mimi ndiyo iliyomwangusha yeye. Serikali ikapunguza watu. Dawa ya josho haikuletwa tena, josho likakauka, likaota nyasi. Bwana Mifugo akaambiwa asante, nenda. Hakwenda. Akapanga chumba kimoja nyuma ya gereji ya kuchomelea mageti, akaanza kuuza dawa za minyoo na kupe.

Ndani ya chumba kile kulikuwa na rafu, na juu ya rafu zilikuwa chupa.

Nieleze vizuri. Chupa za jemu, chupa za kahawa, zimejaa maji yenye harufu ya mochwari, na ndani ya maji vipande vya nyama. Ini lenye minyoo bapa kama majani. Kende lililoota nywele. Kila chupa ina karatasi imeandikwa. Ukimwuliza ni za nini anasema, "Za kujifunza." Mzee wa makamo hayo, amefukuzwa kazi, anajifunza ili afanye mtihani wapi? Watoto walikuwa wakipita pale wanakimbia. Wakubwa hatukukimbia, lakini tulipita upande wa pili wa barabara.

Sasa nije kwa paka wangu.

Stoo ya choroko bila paka ni stoo ya panya. Wangu nilimwita Karani, maana alikaa juu ya mzani mchana kutwa akitazama kila gunia linaloingia. Alizaliwa wakati wa unga wa njano, wa kupanga foleni, kwa hiyo miaka ile ninayoisema alikuwa mzee, mzee wa kweli, masikio yamechanika kama kanga ya kuepulia vyungu. Alikuwa mweusi. Ndiyo, mweusi, na macho ya njano. Najua unachofikiria, na majirani zangu walikuwa wakikifikiria tangu zamani. Mwanamke mjane, ana hela, ana paka mweusi asiyekufa. Huku kwetu wanawake wamekatwa mapanga kwa machache kuliko hayo.

Karani akaanza kutapika. Akakonda, mgongo ukawa kama msumeno, lakini tumbo halikukonda. Nilipompapasa nikakuta kitu ndani, kigumu, kinateleza, kama pera bichi. Jirani yangu Mama Rebeka, tunapakana ukuta, akaniambia: "Mama Kulwa, mtie kwenye kiroba ukamwache mbali. Paka akifia ndani na kitu tumboni, watu watauliza ni kitu gani."

"Ni ugonjwa," nikasema.

"Mimi najua ni ugonjwa. Nimesema watu."

Nilimtia kwenye kikapu, nikafunika kanga, nikaenda gereji. Mbele ya wachomeleaji wote! "Mama anampeleka paka hospitali," mmoja akasema, "kesho ataleta mende." Nikamwambia nitaanza kumleta yeye.

Bwana Mifugo akafunua kanga. "Habari za mchana, Karani," akasema. Kisha akafumba macho, akaingiza vidole vyake vya zambarau chini ya mbavu, akabonyeza polepole kama mtu anayetafuta sarafu ndani ya unga.

"Upo," akasema. "Kwenye utumbo."

"Ni saratani?"

"Paka mzee akiota uvimbe wa utumbo, mara nyingi ni mwizi. Mara chache, chache mno, ni mgeni. Kwa vidole siwezi kujua."

"Umewahi kufungua paka?"

"Ng'ombe wengi. Mbwa wawili. Paka bado."

Angalau hilo hakuficha. Nikamwambia afungue.

Alilaza mlango wa chumba juu ya makreti mawili, jua la saa nane likiingia. Akampiga Karani sindano ya usingizi, akanyoa tumbo kwa wembe. Mimi nilishika miguu. Akatoa utumbo kidogo kidogo kama mtu anayevuta uzi kwenye pindo, na pale katikati ukaonekana. Mviringo, mweupe wa kufifia, laini juu kama kokoto la ziwani. Ulikuwa umeota ndani ya ukuta wenyewe wa utumbo, ukaziba njia. Akatazama pande zote, maini, figo, kila mahali. Akakata kile kipande cha utumbo chenye uvimbe, akaunganisha ncha mbili kwa uzi, mshono wa karibu karibu kuliko wowote niliowahi kuushona kwenye gunia. Jasho lilimtoka puani.

Alipomaliza alikata uvimbe ule juu ya kisosi. Mara moja, mara mbili, sikuhesabu. Ndani ulikuwa mgumu, wa nyuzi nyuzi, kama firigisi.

"Nadhani ni mgeni," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu. "Uvimbe wa msuli tu. Nitapeleka kipande kwa wakubwa wangu wenye hadubini, wao ndio watakaosema."

Nikatoa kitambaa changu nilichofunga hela.

"Weka," akasema. "Niachie huu. Huu ndio malipo yangu."

Na akautumbukiza kwenye chupa.

Wewe ungefikiri nini? Mtu amefukuzwa kazi, shati lake lina viraka, anakataa hela, anataka kitu kilichotoka tumboni mwa paka mweusi. Nilirudi nyumbani na Karani wangu kikapuni akikoroma, shukrani iko kifuani na hofu iko tumboni.

Karani akapona. Baada ya wiki mbili alikuwa juu ya mzani. Nami badala ya kufurahi nikawa silali vizuri kwa kuifikiria chupa ile. Nilikwenda kuiomba. Bwana Mifugo akasema, "Bado, Mama Kulwa. Majibu hayajarudi, na bila huo sitakuwa na cha kulinganisha." Nikaona ananizungusha.

Mwenye bucha hakuwa amesahau fahali wake. Sijui nani alimwambia habari za chupa ya paka, ila najua mimi nilimwambia Mama Rebeka. Yakaanza maneno. Kwamba Bwana Mifugo anawauzia waganga. Kwamba wachimba dhahabu wa ng'ambo wanatafuta nyama ya paka mweusi ili mwamba ufunguke. Kwamba ndiyo maana hali nyama, ameapishwa. Hilo la mwisho liliniingia kabisa, maana lilijibu swali langu la miaka kumi.

Mjumbe wa nyumba kumi akaita kikao. Watu walijaa mpaka nje. Bwana Mifugo alisimama katikati, kisu mfukoni, akasema maneno machache: "Chupa ziko pale. Anayetaka aje nimwonyeshe moja moja." Hakuna aliyekwenda. Nani anataka kuona?

Mjumbe akanigeukia. "Mama Kulwa, wewe tunakuheshimu hapa. Huyu alichukua nini kwa paka wako?"

Macho yote yakanijia, na nikasikia uzito wake. Nikajua kwamba siku ile kuna mmoja wetu atatoka pale ni mchawi. Mimi au yeye. Nilikuwa mwanamke wa peke yangu, na paka hai.

"Alichukua uvimbe," nikasema. "Hela nilimpa akakataa."

Nikakaa. Yote mawili yalikuwa kweli. Sikusema alivyotafuta kila kiungo, sikusema mshono, sikusema wakubwa wenye hadubini. Mwenye bucha akapiga kofi moja, pa! "Mmesikia? Hela amekataa!"

Mwenye nyumba aliyempangisha chumba alimpa mpaka jioni awe ameondoka, na mjumbe akamkataza kurudi Igoma. Vijana wa gereji walivunja chupa zake kwenye mtaro, harufu ikakaa pale siku tatu. Alipopita mbele ya stoo yangu akisukuma baiskeli, sanduku la bati nyuma, niliona amekumbatia kitu kilichofungwa kwa shati. Karani alikuwa mlangoni. Bwana Mifugo alisimama, akainama. "Kaa salama, Karani," akasema. Mimi alinipita.

Karani aliishi miaka minne zaidi. Kila mwaka uliopita alikuwa ananishitaki. Kama uvimbe ule ungeuzwa kwa mganga, mbona stoo yangu haikuungua, mbona wanangu hawakuugua, mbona paka ananona? Alikufa juu ya gunia la choroko, juani, mkia umening'inia. Sikumwambia mtu nililokuwa nikiliwaza.

Binti yangu Doto ameolewa Sengerema, kwa hiyo kivuko cha Kigongo nakijua. Na pale Kigongo, karibu na wauza samaki wa kukaanga, kulikuwa na kibanda cha dawa za mifugo. Nilijua cha nani. Kwa miaka nilipita nikiwa nimegeuza uso upande wa ziwa. Siku moja kivuko kiliharibika, tukaambiwa tungoje, jua kali, na kivuli kilichokuwapo kilikuwa cha kibanda kile.

Alikuwa amezeeka. Jicho moja lina ukungu. Vidole vilikuwa vimetakata, wino umekwisha kabisa, na hilo lilinisikitisha kuliko jicho.

"Shikamoo, Bwana Mifugo," nikasema.

Aliijua sauti. Hakusema marahaba. "Karani hajambo?" akauliza.

"Alikufa."

Akashika meza. "Kwa nini? Alitapika? Tumbo?"

"Uzee. Alilala tu. Miaka minne baada ya wewe kuondoka."

"Uvimbe haukurudi?"

"Haukurudi."

Akapiga paja, akacheka kicheko ambacho Igoma hatukuwahi kukisikia. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya jemu. Ule pale, mweupe, umekatwa katikati. Akatafuta kalamu, akaandika kwenye karatasi yake, akisema kwa sauti: "Miaka minne. Haukurudi." Akanieleza kwamba majibu ya wakubwa yalimfuata huku baada ya nusu mwaka. Uvimbe wa msuli, usio na ubaya, nadra kwa paka. Wao wenyewe walikuwa hawajawahi kuuona kwa paka. "Nilitaka kukuletea habari," akasema. "Lakini Igoma nimekatazwa."

"Mimi ndiye niliyesema."

"Nilikuwapo. Ulisema kweli."

"Nilisema kidogo."

"Ulikata mara moja," akasema, na hakukasirika, aliongea kama ananifundisha kazi.

Muuza samaki alikuwa akipiga bati kufukuza nzi. Nikaona kama sitauliza siku ile nitakufa nalo. "Bwana Mifugo, nyama. Kwa nini ulikuwa huli nyama?"

Akanishangaa. "Kiungulia," akasema. "Tangu ujana. Nikila kipande silali. Mbona hamkuniuliza?"

Kivuko kikapiga honi. Nilipoinuka akanisukumia chupa. "Ondoka nayo. Mwanangu anakuja kunichukua mwezi huu, amesema vitu hivi asivione nyumbani kwake. Nikitupa, itakuwa kama haukuwahi kuwapo."

Nilitaka kukataa. Nikaitia kwenye kikapu, nikafunika kanga.

Ndani ya kivuko nilikaa kwenye benchi la katikati, watu wamebanana. Upepo wa ziwa ukafunua kanga. Mama aliyekaa kando yangu, ana mtoto mgongoni, akachungulia, akarudi nyuma.

"Bibi, hicho ni nini?"

Ningeweza kusema ni dawa. Ningeweza kusema si changu. Nikaitoa chupa, nikaiinua kwenye mwanga, kila mtu aone.

"Ni uvimbe," nikasema. "Ulitoka kwenye utumbo wa paka wangu. Hauna ubaya. Anayetaka aje nimwonyeshe."

Hakuna aliyekuja. Mama akamvuta mtoto mbele, akasimama. Mzee wa upande wa pili naye akakumbuka ana mzigo kule nyuma. Mpaka tunafika Busisi, benchi zima lilikuwa langu, mimi na chupa, na watu wote wa kivuko wakinitazama kama nilivyokuwa nikimtazama yeye.